Madaftari Yameisha

Watoto wangu wa chuo cha uuguzi, mwalimu wenu aliniomba niwaandikie kidogo kuhusu kazi niliyoifanya miaka thelathini na sita, kwanza Muleba na baadaye Bukoba mjini. "Andika mambo mazuri, mama," aliniambia, "yatakayowatia moyo." Mtanisamehe. Moyo mtajitia wenyewe. Mimi nimekaa hapa Ijuganyondo nimekasirika, na aliyenikasirisha kuliko wote ni mimi mwenyewe.

Naandika kwa mkono. Mwanangu Mujuni atakuja Jumamosi kutoka kwake Rwamishenye, akae hapa sebuleni achape, maana yeye ana kompyuta na mimi nina kalamu. Basi Mujuni, sikia. Wiki mbili zilizopita walinikata kipande kidogo cha nyama kwenye mji wa mimba, kikapelekwa Mwanza kuangaliwa kama kina saratani. Majibu hayajarudi. Najua hukujua. Unadhani nilikwenda kwa ajili ya mgongo. Usiache kuchapa. Ukiacha hapa utaelewa nusu, na mambo ya nusu nusu ndiyo yaliyonifikisha nilipo. Endelea mpaka mwisho.

Sasa turudi kwenu nyinyi wengine.

Kuna neno moja ambalo ningekuwa na uwezo ningelifuta kwenye kila cheti cha mgonjwa mkoa huu. Neno lenyewe ni uzee. Mzee hali chakula, ni uzee. Amekonda mpaka gauni linamvaa yeye, ni uzee. Anakojoa kwa shida, anakohoa mwezi wa tatu sasa, ana uvimbe kwenye titi, jamani, ni uzee tu, mpeni dawa ya kuchua tuondoke. Na msidhani ni ndugu wa mgonjwa peke yao. Sisi wenye sare nyeupe tuliliandika hilo neno kwa wino wa serikali, na mimi nilikuwa mstari wa mbele.

Mwaka wangu wa pili kazini, Muleba, aliletwa mzee mvuvi kwa boti kutoka kisiwani Goziba. Hakieleweki anachosema, anachanganya majina ya wanawe. Nikampima joto, halikuwa juu. Nikaandika kwa mwandiko mzuri kabisa: uzee, apumzike, ale vizuri. Matroni wetu alikuwa Pelagia, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele ya kanisa. Akachukua karatasi yangu, akaisoma kwa sauti mbele ya foleni nzima.

"Adventina, huu ugonjwa unaoitwa uzee, dawa yake ni ipi? Tuambie na sisi tuinywe."

Watu wakacheka. Yeye akainama na kusikiliza kifua cha yule mzee, kisha akanikabidhi kile kifaa cha kusikilizia. Pafu la kulia lilikuwa likichemka. Nimonia, tena ya siku nyingi.

"Lakini hana homa, Matroni," nikasema.

"Homa ni kelele za askari wa mwili wakipambana. Huyu askari wake wamezeeka pamoja naye. Mwizi ameingia, yuko sebuleni anakula, na wao hawajapiga hata filimbi."

Mzee alipona. Aliporudi kushukuru alimletea Matroni sangara mkubwa wa kubebwa na watu wawili. Mimi hakuniletea hata dagaa mmoja, na alikuwa na haki.

Enzi zetu tulifundishwa kinga ya mwili kama jambo la watoto na chanjo zao. Kuhusu mwanamke aliyekoma hedhi tulipewa mstari mmoja tu: amestaafu. Kana kwamba mwili nao hupewa barua ya shukrani na saa ya ukutani! Miaka mingi baadaye ndipo daktari mmoja kijana alikuja kutufanyia semina, akatuchorea ubaoni tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, ambayo kazi yake ni kuwafunza askari wa kinga. Ukishapita ujana inaanza kusinyaa. Mzee anaishi kwa askari wale wale wa zamani, wapya ni wachache. Na huku chembe za mwili zimejinakili mara nyingi sana, makosa yamelundikana, na baadhi ya hayo makosa ndiyo yanayogeuka saratani. Kijana naye ana chembe mbovu, ila askari wake huziona mapema. Kwa mzee zinapita getini na kusalimia.

Homoni nazo zimo humo humo. Homoni ya kike huwapa nguvu askari hao, ndiyo maana mwanamke kijana mara nyingi hupambana na maradhi vizuri kuliko mume wake, ambaye mafua yakimpata anataka padri aitwe. Hedhi ikikoma, homoni hiyo hushuka na ile nguvu hupungua. Lakini haikauki kabisa. Mafuta ya mwili huendelea kuitengeneza kidogo kidogo, na sisi wanawake wa huku tuliolelewa kwa ndizi na maharage mafuta tunayo, tuseme ukweli. Shida ni kwamba ile homoni ya pili, iliyokuwa ikiituliza ya kwanza kila mwezi, haipo tena. Basi utando wa mji wa mimba unaambiwa ota, ota, na hakuna wa kuuambia basi. Ni kibanja chenye mbolea kisicho na mtu wa kupalilia. Ndiyo sababu damu ikirudi kwa mwanamke aliyekwisha kukoma, hata tone moja, hata ya rangi ya chai, ni lazima aangaliwe. Wengi hukutwa na jambo dogo, wakatibiwa wakaenda nyumbani. Lakini utajuaje kama ni dogo bila kuangalia?

Na mtaangalia vipi kama hamjaambiwa? Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia.

Nilihamishiwa Bukoba, nikakuta Matroni Pelagia amenitangulia, kwa hiyo sikumponyoka. Kulikuwa na mama mmoja kutoka vijiji vya Muleba, Ma Leokadia, mjane, mwanamke wa kanisa na kahawa yake. Aliletwa na mwanawe wa kwanza, mwalimu wa shule ya msingi, kijana mwenye adabu aliyempenda mama yake kupita kiasi. Huku kwetu mzee haendi hospitali peke yake, ni aibu kwa watoto. Na mtoto aliyesoma akishamleta, anaona ni heshima kumjibia. Namuuliza mama, anajibu Mwalimu.

"Mama unaumwa nini?"

"Mgongo," anasema Mwalimu. "Na kiuno. Analima sana, tumemkataza hasikii."

"Ma Leokadia, ni mgongo?"

Anatazama sakafu, ananijibu kwa heshima ya Kihaya. "Eee, waitu. Ni mgongo."

Nikampa dawa za maumivu. Akarudi baada ya miezi, mgongo. Nikampa dawa za maumivu na za kuchua. Akarudi mara ya tatu, amepungua, uso umekuwa wa rangi ya majivu, na Mwalimu bado anajibu kwa ufasaha kama yuko mbele ya mkaguzi wa elimu. Nilikuwa nimeshika kalamu kuandika dawa zile zile pale Pelagia alipopita, akasimama, akamtazama mama, akamtazama Mwalimu, akafungua droo yangu iliyojaa madaftari ya wagonjwa na kuifunga tena haraka.

"Mwalimu, madaftari yameisha," akasema. "Nenda pale dukani kwa Mzee Jivraj utununulie moja, tumfungulie mama yako kumbukumbu mpya."

Mwalimu akatoka mbio. Pelagia akafunga mlango, akavuta stuli, akakaa chini kuliko mama, akamwambia kwa Kihaya kwamba sasa wapo wanawake watupu.

Ma Leokadia alianza kulia kabla hajasema. Damu ilikuwa imemrudia tangu misimu miwili ya senene iliyopita. Mara ya kwanza alimwambia jirani yake, na jirani akacheka kwa furaha, akamwambia Mungu amemrudishia ujana, amshukuru. Alitoa sadaka. Damu ilipozidi, akaona haya. Angemwambia nani? Mwanawe wa kiume? Angesemaje mbele ya mtoto aliyemzaa, tena ambaye ndiye aliyekuwa akishika cheti na kujibu?

"Kwa nini hukuniambia mimi?" nikamuuliza. Nilikuwa nimekasirika, fikirini, nimemkasirikia yeye.

"Ulikuwa unamuuliza yeye, mwanangu," akasema.

Mwalimu akarudi na daftari jipya la jalada la bluu. Kwenye ukurasa wake wa kwanza tuliandika rufaa ya Mwanza. Saratani ilikuwa imeshaenea. Msimu uliofuata wa senene Ma Leokadia hakuuona. Mwalimu alikuja kutuaga baada ya mazishi, akatushukuru sana kwa jinsi tulivyomhudumia mama yake, na kila neno la shukrani lilinichoma. Alikuwa ameniletea mama yake mara tatu. Mara tatu!

Tangu siku hiyo, kwangu madaftari yaliisha kila siku. Mzee yeyote akiingia na mtoto, mkwe, au mjukuu anayejibu jibu, yameisha. Nilijifunza na mengine ya kufanya katika zile dakika. Usiulize "una tatizo gani", atakwambia mgongo. Uliza, "Siku zako ulimaliza mwaka gani? Je, zimewahi kukutembelea tena?" Uliza ukiwa umeshika kazi nyingine mkononi, unakunja pamba, unafuta meza, usimkodolee macho. Ukiuliza, nyamaza. Nyinyi vijana mnauliza swali na kujibu wenyewe kabla mtu hajameza mate. Mwacheni ahesabu vidole vyake, aangalie dirishani. Jibu liko njiani.

Sasa huyo Mzee Jivraj. Familia yake ni ya wale Wahindi wachache waliobaki na duka mjini, amezaliwa hapa, Kihaya chake kinakishinda cha Mujuni. Baada ya mwaka hivi akatokea hospitali na kijana wa mkokoteni na makatoni mawili makubwa. Akaomba kuonana na mganga mkuu.

"Nimeona aibu," akamwambia. "Hospitali kubwa namna hii, watu wanakuja kwangu kila siku, madaftari yameisha, madaftari yameisha! Basi haya msaada wangu. Mkimaliza semeni."

Mganga mkuu akafurahi, akaitangaza sadaka hiyo mbele ya wafanyakazi na wagonjwa wote. Madaftari yakapangwa kwenye rafu nje ya mlango wangu, kila mtu anayaona! Wiki nzima wana na wakwe walisimama kidete wakijibu maswali, na wazee wangu wote wakawa na mgongo. Nilitaka kulia. Mwishowe nikaenda dukani, nikamweleza Mzee Jivraj ukweli, yeye akashika kichwa.

"Kwa nini hamkuniambia? Leta makatoni yangu!" akasema. "Na hao watu nitawashika. Dakika ishirini zinatosha? Nitasema niko stoo natafuta. Nitawapa chai."

Akawa mtu wetu. Akimwona mtu anaingia mbio na kuomba daftari moja, anamkalisha, anamimina chai, anaingia stoo na kupiga piga maboksi wakati madaftari yamejaa mbele ya kaunta. Siku moja akanisindikiza mpaka mlangoni, akatazama huku na huku.

"Na wanaume je, Sista? Mnawatuma nini?"

Nikanyamaza, nikajifanya natazama vitambaa. Jibu likaja. Alikuwa anaamka mara nne kwa usiku, na mkojo unatoka kwa kubembelezwa. Alidhani ni uzee. Nikamweleza kwamba mwanaume naye ana tezi yake inayolishwa na homoni ya kiume maisha yote, kwamba ikivimba uzeeni mara nyingi si saratani, lakini dalili za hiyo na za hii zinafanana, na hakuna anayezitofautisha kwa kukisia akiwa kaunta. Akapimwa. Ilikuwa uvimbe wa kawaida, akatibiwa, na mpaka leo yuko dukani pale akigombana na wajukuu.

Basi nikastaafu. Nikawaachia nyinyi hospitali yenye kompyuta kila meza. Siikatai kompyuta, haipotezi kumbukumbu wala hailiwi na panya. Lakini mmefuta daftari, na hamkuweka kitu mahali pake. Hakuna tena cha kumtuma mtu. Mwana anavuta kiti, anakaa katikati yenu na mama yake, na nesi anaitazama skrini. Mnamuuliza aliye karibu na kibodi!

Nayajua haya kwa sababu mimi ndiye mama aliyeletwa.

Ilianza kabla ya Pasaka. Tone, rangi ya chai. Mimi, Adventina, niliyewapeleka mbio wana wa watu kwenye duka la Jivraj, mnafikiri nilifanya nini? Nikasema ni jembe, nimelima sana. Baadaye nikasema ni pilipili. Ikapita wiki sita bila kitu, nikafurahi. Ikarudi. Nikajiambia, aa, Adventina, ni uzee. Neno lile lile! Na hapa nina mafuta yangu, miaka sitini na minne, hedhi imekoma zamani, kila nilichowafundisha watu kiko mwilini mwangu. Nilimkasirikia Ma Leokadia kwa kuficha misimu miwili, na mimi nikala miezi mitano nikiwa na akili timamu na cheti cha uuguzi ukutani.

Mwishowe nikamwambia Mujuni naumwa mgongo, anipeleke. Mgongo! Tukaingia kwa nesi mmoja kijana, Asimwe, binti mpole.

"Shikamoo mama. Unasumbuliwa na nini?"

"Mgongo," akasema Mujuni. "Umri nao unakwenda, si unajua. Nafikiri ni uzee tu."

Asimwe akanitazama. "Ni mgongo, mama?"

Nikafungua mdomo. Mwanangu amesimama kando, kashika mkoba wangu, mwanaume mzima niliyemnyonyesha. Nikatazama sakafu. "Ndiyo," nikasema. "Ni mgongo." Sauti iliyotoka ilikuwa ya Ma Leokadia, mkitaka kuamini aminini. Asimwe akageukia kibodi na kuanza kuandika. Nilisikia aibu ambayo sijawahi kuisikia maishani, na nyuma ya aibu, hasira. Ile hasira ndiyo iliyoniokoa.

"Mujuni," nikasema, "nenda kwa Mzee Jivraj ukaninunulie daftari."

"Mama, siku hizi hakuna daftari. Kila kitu kimo kwenye kompyuta."

Na Asimwe naye, Mungu amsaidie: "Ni kweli mama, madaftari tulishaacha."

Kidogo nimpige. "Nataka daftari," nikasema. "Sasa hivi."

Mujuni akaenda. Nilimwona, akidhani simwoni, akimfanyia nesi ishara ya pole, kama kusema mama yangu siku hizi yuko hivi hivi. Mlango ukafungwa. Asimwe hakunyamaza kwa sababu amefundishwa, alinyamaza kwa kuwa aliniogopa, lakini alinyamaza, na hilo lilitosha.

"Siku zangu nilimaliza miaka kumi na mitatu iliyopita," nikasema. "Na jana zilinitembelea."

Vidole vyake vikaacha kuandika. Akaisukuma kompyuta pembeni, akavuta kiti chake mpaka magoti yetu yakagusana. Huyo binti atakuwa nesi. Yeye ndiye aliyenifikisha kwa daktari wa kile kipande cha nyama.

Mujuni alirudi baada ya karibu saa nzima, amenuna. "Yule mzee wa duka kazeeka, mama. Kaniuliza nani kanituma, nikamwambia mama yangu. Kanikalisha, kanipa chai, nikimaliza ananiongezea, halafu kaingia stoo anapiga piga maboksi. Na madaftari yalikuwa mbele ya macho yake!"

Nililipokea daftari, nikasema asante. Ni la jalada la bluu. Ndilo hili ninaloandikia, na kurasa zake zimebaki chache.

Kwa hiyo watoto wangu, sina la kuwatia moyo. Tafuteni daftari lenu. Iwe chupa ya maji, iwe fotokopi, iwe kumpeleka mwana akahakikishe magurudumu ya gari hayajafungwa minyororo, sijali. Lakini kabla hamjaandika neno uzee, mlango ufungwe kwanza, na aulizwe mwenye mwili.

Mujuni, sasa acha kuchapa. Niko jikoni, chai iko mezani. Usije na pole. Njoo uniulize naumwa nini, na safari hii nitajibu mwenyewe.